ZFS: CKSUM (makosa ya cheksamu) zimepanda kwenye diski 4 kati ya 6 na SMART (ripoti ya afya ya diski) ni safi. Nibadilishe diski?

nguzo6

Wakuu, naomba mnisahihishe kabla sijatoa hela.

Seva ina diski 6 za TB 8, zote CMR (nyimbo za data hazipandani), kwenye raidz2 moja (inavumilia diski mbili kufa). OpenZFS (mfumo wa faili unaokagua data yake) juu ya Linux, RAM ni GB 16 isiyo ya ECC (haijisahihishi makosa). Diski nne (d1 hadi d4) zinapita kwenye kadi ya HBA (ya kuunganishia diski) yenye chipu ya SAS2008 iliyowekwa modi ya IT (inapitisha diski bila RAID). Mbili zilizobaki zimechomekwa kwenye milango ya SATA ya mazabodi. Kasha ni la kawaida la mezani. Ukaguzi (scrub) wa mwezi huu umetoa hivi:

```
NAME          STATE   READ WRITE CKSUM
ghala         ONLINE     0     0     0
  raidz2-0    ONLINE     0     0     0
    d1        ONLINE     0     0    14
    d2        ONLINE     0     0    11
    d3        ONLINE     0     0    17
    d4        ONLINE     0     0     9
    d5        ONLINE     0     0     0
    d6        ONLINE     0     0     0
```

Hakuna faili lililoharibika. Kwenye SMART, namba 5, 197 na 198 (sekta mbovu) ni sifuri kwa diski zote na 199 (makosa ya kebo) haijasogea. `smartctl -t long` imepita zote sita. dmesg (kumbukumbu za kerneli) haisemi kitu.

Tatizo la pili: nikinakili kwa SMB (njia ya kushea mafaili kwenye mtandao) napata MB 110 kwa sekunde. Kwa NFS (njia nyingine ya kushea), ambako mashine pepe zinaweka diski zao, inashuka hadi MB 9.

Mpango wangu ni kubadilisha d1 na d3, kisha kununua SSD moja ya kawaida ya GB 500 niigawe, nusu SLOG (logi ya maandiko ya kuthibitishwa) nusu L2ARC (kashe ya kusoma). Nakosea wapi?

---

waya_mwekundu

Diski usiguse. Diski nne haziharibiki kwa pamoja, kwa idadi inayokaribiana, halafu zote zikafaulu jaribio refu. Makosa yakitawanyika namna hii, acha kutafuta diski ipi ni mbovu, tafuta hizo nne zinachangia nini. Umeshakiandika mwenyewe: kadi ya HBA.

Soma hizo safu tatu vizuri. READ na WRITE hupanda pale kifaa chenyewe kinapokiri kwamba kimeshindwa. CKSUM ni kinyume chake: kifaa kimeleta data na kusema iko sawa, ZFS ikapiga hesabu ya cheksamu, ikakuta siyo ile iliyoandikwa. Kwa hiyo data imechafuka mahali ambapo hakuna aliyeona.

Kebo? Safari ya SATA ina CRC yake (hesabu ya kugundua makosa njiani), kwa hiyo kebo mbovu hupiga kelele: 199 ingepanda, au dmesg ingejaa mistari ya `log_info(0x31...)`. RAM? Data ya diski zote sita inapita RAM ileile, na d5 na d6 zisingebaki sifuri. Huo si ushahidi wa kufunga mjadala, ila unatosha kuisogeza RAM nafasi ya pili. Inabaki kadi, au umeme unaolisha diski hizo nne.

Fanya kwa mpangilio huu:

Kwanza, usirudie ukaguzi ovyo ovyo. ZFS ikikuta kipande kibovu inakirekebisha kwa kuandika upya, na inaandika kupitia kadi hiyohiyo unayoishuku. Kama kuna ukaguzi unaendelea, usimamishe kwa `zpool scrub -s ghala`. Toa nakala ya kile ambacho hakina nakala kwingine.

Pili, `dmesg | grep FWVersion` (toleo la programu ya ndani ya kadi). Kwa SAS2008 unataka kuona 20.00.07.00. Matoleo ya mwanzo ya 20, yaani 20.00.00.00 hadi 20.00.04.00, yanajulikana kwa kuleta makosa ya aina hii. Ukiyakuta, weka jipya kwanza kabla ya kugusa kingine.

Tatu, badilishana milango. `zpool export ghala`, zima mashine, hamishia d1 kwenye mlango wa mazabodi uliokuwa na d5, na d5 ije kwenye HBA. ZFS inasoma lebo yake iliyo ndani ya diski, mlango hauihusu. Washa, `zpool import -d /dev/disk/by-id ghala`, `zpool clear ghala`, halafu `zpool scrub ghala` mara moja tu. Kosa likibaki kwenye mlango, na si kumfuata d1, umeshampata mhalifu.

---

bamba_baridi

Naongezea pale alipoishia. Fungua kasha mashine ikiwa katikati ya ukaguzi uguse bamba la kupoozea la hiyo HBA. Kama kidole hakivumilii sekunde mbili, usiende mbali. Kadi hizi zilitengenezwa kwa seva za rafu, zikitegemea upepo wa futi 200 kwa dakika, karibu mita 1 kwa sekunde, upite moja kwa moja juu ya bamba. Kwenye kasha la mezani feni ya mbele inapoza diski, feni ya nyuma inapoza prosesa, na kona ya chini ilipo kadi hewa imesimama. Kadi ikichemka haizimiki. Inaendelea kufanya kazi, ila inakosea.

Dawa ni feni ya mm 40 juu ya bamba. Skrubu nyembamba za M3 hukamata vizuri kati ya mapezi, usikaze sana. Feni ya mm 92 iliyofungwa kwa vibano vya plastiki ikiielekea kadi ni nzuri zaidi, tena haipigi kelele.

Kama kadi ni ya siku nyingi, pesti ya chini ya bamba huwa imekauka kama chaki. Bamba linashikwa na pini mbili za plastiki zenye springi: zibane kwa koleo kutoka nyuma ya kadi hadi zitoke. Halafu zungusha bamba taratibu kushoto na kulia likiwa bado na joto. Usilibandue kwa bisibisi, utakwangua njia za shaba za kadi na hapo utanunua nyingine kweli. Safisha kwa isopropili, weka pesti kiasi cha punje ya mchele.

Halafu umeme. Hizo nne unazilisha kwa splita? Diski ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka huvuta hadi ampea 2 kwenye 12 V. Plagi ya umeme ya SATA ina pini tatu za 12 V, kila moja ampea 1.5, jumla 4.5. Diski nne kwenye plagi moja ni ampea 8. Sasa linganisha namba 12 na 192 (mara diski ilipowashwa na ilipokatiwa umeme) kwa `smartctl -A`. Diski zilizoanza kazi siku moja zinatakiwa zikaribiane. Kama d1 hadi d4 ziko mbele ya d5 na d6, zinapoteza umeme mashine ikiwa inaendelea. Gawa kwa waya mbili zinazotoka kwenye pawa saplai yenyewe. Zile splita ambazo plagi yake ya SATA imeyeyushiwa plastiki juu ya nyaya, tupa, huungua.

---

txg5

Mimi nijibu la SSD, maana hapo ndipo hela itapotea.

NFS ya mashine pepe inadai kila andiko lithibitishwe kuwa limefika kwenye diski kabla ya kuendelea. SMB kwa kawaida haidai hivyo. Bila SLOG, uthibitisho huo unaandikwa kwenye diski zilezile za kuzunguka, na raidz2 moja hufanya kazi ndogondogo kwa kasi ya karibu diski moja. Ndiyo hizo MB 9.

Hakikisha kwanza: tengeneza dataseti ya majaribio, `zfs set sync=disabled ghala/jaribio`, iendeshe kwa NFS. Kasi ikiruka, SLOG itasaidia. Isiporuka, tatizo liko kwenye mtandao au kwingine. Usiiache hivyo kwenye data ya kweli: umeme ukikatika, sekunde kadhaa za mwisho za maandiko hazipo, na mashine pepe zilishaahidiwa kuwa zipo.

SSD ya kawaida haifai kwa SLOG. Unahitaji yenye kapasita za kulinda data umeme unapokatika. Nyingine ama ni polepole mno kwa maandiko ya kuthibitishwa, ama zinathibitisha uongo. Ukubwa si kitu: ZFS inamwaga maandiko kila sekunde 5, na mtandao wa Gbps 1 katika muda huo hauleti hata GB 1. GB 16 inatosha na kubaki.

L2ARC sahau kwa sasa. Kila kipande kilichomo kwenye L2ARC kinakula baiti 70 hadi 100 za RAM. SSD ya GB 500 ikijaa vipande vya KB 16 itameza kati ya GB 2 na 3 za RAM yako, yaani unapunguza kashe ya haraka ili upate ya polepole. Endesha `arc_summary`, angalia asilimia ya hits (data iliyopatikana kwenye kashe ya RAM). Kama iko chini, ongeza RAM.

Na siku ya kuongeza SLOG: `zpool add -n ghala log /dev/disk/by-id/...` kwanza, usome inachotaka kufanya. Ukisahau neno `log`, unaambatisha SSD kama sehemu ya kudumu ya hifadhi, na hifadhi yenye raidz haikuruhusu kuitoa tena. ZFS itakugomea kwa kuwa viwango vya ulinzi havilingani. Kuna watu hapo huweka `-f`. Usiwe mmoja wao.

---

Mkaguzi

Hakuna aliyegusa ECC. ZFS haikulazimishi, lakini bila ECC huwezi kumwondoa RAM kwenye orodha ya washukiwa kwa mantiki peke yake. Memtest86+ izunguke mara 4 kamili, usiku mzima. Kosa moja tu, RAM imefeli.

---

waya_mwekundu

@Mkaguzi sawa, aendeshe, haina gharama. Ila kama hela ni ya kitu kimoja, mazabodi mpya ya ECC haitaipoza hiyo kadi.

---

nguzo6

Majibu. Programu ya ndani ya kadi tayari ilikuwa 20.00.07.00. Memtest mizunguko 4, sifuri. Namba 12 na 192 zinalingana diski zote, na umeme uko kwenye waya mbili tofauti. Baada ya kubadilishana milango, d5 imepata makosa 6, d1 sifuri. Bamba halishikiki, na pesti kweli ilikuwa unga. Nimeweka pesti mpya na feni ya mm 40. Kaguzi mbili mfululizo zimetoka safi.

NFS: sync=disabled imetoka MB 9 hadi 104. `arc_summary` inaonyesha hits asilimia 97. Kwa hiyo ninunue SSD yenye kapasita tu?

---

txg5

Kwa asilimia 97, L2ARC haina cha kukusaidia. SSD yenye kapasita, ndiyo. Lakini kama hela inaruhusu, nunua mbili, uziweke kama hifadhi nyingine ya kioo (mirror, zote mbili na data ileile) kwa ajili ya mashine pepe peke yake:

`zpool create -o ashift=12 mashine mirror SSD1 SSD2`

Hapo SLOG huihitaji kabisa. Uthibitisho unaandikwa kwenye SSD zenyewe, na kazi ndogondogo zinaondoka kwenye raidz2, ambayo inabaki na kile inachokiweza, mafaili makubwa. Kwenye dataseti ya mafaili hayo weka `recordsize=1M`; itahusu yatakayoandikwa kuanzia hapo, ya zamani yanabaki yalivyo.

---

bamba_baridi

Feni ya mm 40 ichomeke kwenye mazabodi uweke onyo la mizunguko. Hizi ndogo hufa kimya kimya, na ikifa utarudi kwenye CKSUM 14 bila kujua kwa nini. Kagua tena baada ya wiki, kasha likiwa limefungwa. Kaguzi mbili ulizofanya, nadhani lilikuwa wazi.

---

nguzo6

Lilikuwa wazi, ndiyo. Nafunga na kukagua tena.