Naandika shairi la mama kabla hajanizaa, nimekwama. Naomba ushauri

Binti_Kalamu (mleta uzi):
Habari zenu wadau. Nina picha ya mama akiwa msichana. Amesimama mlangoni, gauni limembana kiunoni, anamchekea mtu ambaye hayumo pichani. Begani pake vimebaki vidole vinne vya mtu aliyekatwa kwa mkasi. Nimeanza utenzi:

*Kabla hujaitwa mama,*
*mlangoni wasimama,*
*nani unamtazama?*
*Picha haikunijibu.*

Hapo nimekwama. Kila ubeti unaishia kwangu, kana kwamba ujana wake wote alikuwa ananingoja mimi. Halafu vile vidole: nimbunie mwenyewe au nimuulize mama? Yupo hai, ila si mtu wa kusimulia.

Mwanamizani:
Mizani nane zimetimia, vina havina shida. Kinachokuponza dada ni kina chenyewe. Ukishaanza na "mama", hiyo -ma itakurudisha palepale. Na neno "kabla" limeshampanga foleni ya kukusubiri. Mwite kwa jina lake. Andika kwa wakati uliopo, maana siku ile hakujua kama utakuwepo.

Shangazi_T:
Mwanangu, vidole usiviulize. Aliyeshika mkasi alikuwa na sababu zake, na huenda ni yeye mwenyewe. Uliza gauni. Ukituuliza mapenzi tunanyamaza. Ukituuliza nguo tunasimulia mpaka usiku.

Msomi wa Jioni:
Mie naona si lazima aulize chochote. Shairi si ushahidi. Weka "huenda", weka "-ngali-", msomaji ataelewa kwamba unawaza. Mshairi Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha mwaka 1858. Hapa binti ndiye anayemtazama mama, basi mawaidha yaweke kando, wala usimhukumu.

Binti_Kalamu:
Shangazi, nimeuliza gauni! Mama aliichukua picha akaisogeza dirishani. Kumbe aliliazima kwa rafiki yake, likampwaya, wakalibana kwa pini mgongoni. Alipotamka "pini" akajigusa kiuno, akacheka kicheko kilekile cha mlangoni. Vidole hakuvitaja, nami nikaviacha. Ubeti wa mwanzo nimeufuta. Sasa unaanza hivi:

*Leo gauni ni lako,*
*pini kiunoni mwako,*
*umeangua kicheko,*
*hakuna akuitaye.*