Gari la dizeli linakula lita 6.9 kwa kilomita 100 katika barabara kuu: nianze kurekebisha wapi?

Msafiri wa Ijumaa

Habari zenu wanajukwaa. Ninalo gari la dizeli lenye injini ya turbo ya lita 2.0 na gia sita za mkono, ambalo limeshatembea zaidi ya kilomita 190,000. Kila Ijumaa husafiri kilomita 280 kwa barabara kuu na kurudi Jumapili kwa njia ileile, nikishika kilomita 130 kwa saa pale sheria inaporuhusu. Kwa muda mrefu niliiamini dashibodi, iliyokuwa ikinionyesha wastani wa lita 6.2 kwa kila kilomita 100, hadi nilipoanza kujaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, kuandika kilomita katika daftari, na kugawanya mwenyewe. Hesabu hiyo imenipa lita 6.9, na imerudi na jibu hilohilo mara tatu.

Nimekwisha kupewa ushauri wa kila aina: nifunge matairi makubwa zaidi ili injini izunguke taratibu, nitie katika tangi dawa ya kusafisha nozeli zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini, niondoe filta ya masizi iliyo kwenye ekzosi, niweke gia huru kila ninapoteremka mlima. Sitaki kutumia fedha kwa kubahatisha. Ninachoomba ni kuelezwa mafuta hayo yanakwenda wapi hasa gari likiwa katika mwendo ule, na jambo lipi litangulie. Gari halitoi moshi na halina taa yoyote ya onyo. Juu lina keria ambayo huitumia mara mbili au tatu kwa mwaka. Natanguliza shukrani.

Hesabu za Barabarani

Ndugu Msafiri, umeanza vizuri kuliko wengi, kwa sababu umepima kabla ya kununua chochote. Namba ya dashibodi hukadiriwa na kompyuta kutokana na muda ambao nozeli zinafunguliwa. Hakuna chombo kinachopima lita zilizotoka katika tangi. Tofauti ya asilimia 10 kati yake na pampu si jambo la kushangaza, basi endelea kuliamini daftari lako.

Gari linapokwenda kwa kasi moja katika barabara tambarare, injini inapambana na mambo mawili makubwa, yaani hewa inayolizuia, na matairi yanayobonyea na kujirudi kila yanapozunguka. Madai ya matairi hayabadiliki sana kasi inapopanda, lakini ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa kasi. Chukua gari la kilo 1,500 lenye eneo la mbele la mita za mraba 2.2 na kigawo cha ukinzani wa hewa (namba inayoonyesha jinsi umbo la gari linavyokata hewa) cha 0.32, ambavyo ni vipimo vya gari la kawaida tu. Matairi yake yatadai kani ya niutoni 160 hivi. Hewa itadai niutoni 260 ukiwa katika kilomita 90 kwa saa, 390 ukifika 110, na karibu 550 ukifika 130. Jumla ya kani katika kilomita 130 ni niutoni 710, na katika 110 ni 550, yaani pungufu ya asilimia 22 kwa kila kilomita unayoikata. Hakuna dawa ya tangi wala filta itakayokupa hata robo ya punguzo hilo.

Hapa dizeli ina faida ambayo wengi hawaizungumzii. Injini ya petroli ikipunguziwa kazi hufunga njia ya hewa, kisha pistoni zinahangaika kuvuta hewa kupitia mwanya mwembamba, kwa hiyo sehemu ya akiba uliyoipata inapotelea humo. Dizeli kwa kawaida huacha hewa iingie na kupunguza mafuta peke yake. Ndiyo maana dereva wa dizeli anayepunguza mwendo huona sehemu kubwa ya akiba hiyo ikifika katika tangi, ingawa si yote, kwa kuwa msuguano wa ndani ya injini hauondoki.

Gharama yake ni muda. Kilomita 280 kwa mwendo wa 130 ni saa mbili na dakika tisa. Kwa 110 ni saa mbili na dakika 33. Ni wewe wa kuamua kama dakika 24 ni nyingi, lakini ziamue ukiwa na hesabu mkononi.

Na hiyo keria, tafadhali ishushe. Ikiwa inaongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 10 tu, katika kilomita 120 kwa saa inakudai niutoni 47. Abiria wa kilo 80 aliyekaa kiti cha nyuma hudai chini ya niutoni 9 katika barabara tambarare. Kwa hiyo ni kama unabeba watu watano, na zaidi, juu ya paa mwaka mzima, kwa ajili ya safari mbili au tatu.

Dereva wa Masafa

Niongeze mambo yatokanayo na uzoefu wa miaka mingi barabarani. Kwanza upepo, ambao watu huusahau kabisa wanapolinganisha tangi na tangi. Ukienda kilomita 100 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20, gari linakutana na hewa ya 120, na injini inalipa kwa kiwango hicho ingawa wewe hufiki mapema hata kwa dakika moja. Kwenda na kurudi kwa siku tofauti, kama unavyofanya, kunaweza kukudanganya kwa kiasi kikubwa kuliko badiliko lolote unalojaribu. Pima angalau safari nne kwa kila badiliko, na usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja.

Pili, usiutegemee mshale wa kasi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, ambayo nchi nyingi huifuata, hairuhusu mshale kuonyesha kasi iliyo chini ya ile halisi, lakini unaruhusiwa kuzidisha hadi asilimia 10 na kilomita nyingine 4 juu yake. Simu inayopima kasi kwa setilaiti (GPS) itakuambia ukweli.

Kuhusu gia huru katika mteremko, iache. Ukiinua mguu gari likiwa ndani ya gia, kompyuta hukata mafuta kabisa na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka gia huru, injini inahitaji mafuta ili isizime, na wewe umepoteza breki ya injini mahali ambapo unaihitaji kuliko popote. Wako watakaokwambia kwamba katika mteremko mdogo gari lililo huru huserereka mbali zaidi, na kifizikia hawakosei, lakini sitamshauri mtu yeyote afanye hivyo katika kasi ya barabara kuu.

Nawasihi pia wanaojificha nyuma ya malori ili kukwepa hewa waache. Katika kilomita 90 kwa saa gari hukata mita 25 kwa kila sekunde, na umbali wa sekunde tatu ni mita 75. Ukikaa karibu kiasi cha kufaidi kivuli cha lori, hutakuwa na nafasi ya kusimama likifunga breki. Akiba kubwa wanayoiona watu hao inatokana na kwamba wanakwenda mwendo wa lori.

Fundi wa Dizeli

Waliotangulia wamesema kweli kuhusu hewa, nami siwapingi. Hata hivyo gari la kilomita 190,000 lisilowasha taa ya onyo si lazima liwe zima. Makosa yanayokula mafuta taratibu mara nyingi hayafiki kiwango cha kuiamsha taa.

La kwanza ambalo ningelitazama ni joto la maji. Thamostati, yaani vali inayodhibiti maji yanayokwenda katika rejeta, ikizeeka hubaki wazi kidogo. Mjini huwezi kugundua, lakini barabara kuu upepo unaopita katika rejeta huipoza injini kupita kiasi, oili inabaki nzito, na kompyuta inaendelea kuongeza mafuta ikidhani kwamba injini haijapata moto. Usitegemee mshale wa joto wa dashibodi, kwa sababu katika magari mengi umepangwa usimame katikati hata joto likipanda au kushuka kwa nyuzi kadhaa. Unganisha kifaa cha kusomea kompyuta ya gari na usome joto halisi baada ya nusu saa ya mwendo wa kasi. Thamostati nyingi za dizeli hufunguka kati ya nyuzi 83 na 90 za Selsiasi, kwa hiyo ukisoma 72, jibu umelipata.

Jambo hilo linafungamana na filta ya masizi. Filta hiyo hujisafisha kwa kuchoma masizi iliyoyakusanya, na ili joto la ekzosi lifike karibu nyuzi 600, kompyuta hurusha mafuta ya ziada ambayo hayasukumi gari hata kidogo. Zoezi hilo likikamilika mara moja kwa kilomita mia kadhaa, hasara ni ndogo. Lakini injini isiyopata moto vizuri katika magari mengi huahirisha zoezi, au huanza na kukatiza, kisha hurudia tena na tena. Mafuta yaliyorushwa bila kuungua hupenya hadi katika oili, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili na utazame: kiwango kikipanda badala ya kushuka, kuna tatizo. Kuiondoa filta yenyewe ni kinyume cha sheria katika nchi nyingi, na masizi hayo yataingia katika mapafu ya watu. Mimi sifanyi kazi hiyo hata nikiombwa.

Baada ya safari bila kufunga breki kwa nguvu, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko nyenzake, breki haiachii. Kagua pia hozi zinazopeleka hewa ya turbo katika injini. Ukiona unyevunyevu wa oili kwenye maungio, hewa inavuja. Upepo wa tairi upimwe tairi likiwa baridi, na uufuate ule ulioandikwa kwenye fremu ya mlango kwa mzigo ulioubeba. Ukiupima baada ya safari utauona umepanda, nawe usiupunguze.

Matairi makubwa nisingeyafunga. Mbali na kuchukua hewa zaidi yakiwa mapana, yanaifanya odometa ihesabu kilomita pungufu, na daftari lako lote linaharibika.

Msafiri wa Ijumaa

Nawashukuru sana wakuu. Fundi, swali moja dogo: kuna mtu amenieleza kwamba injini ya dizeli hufanya kazi vizuri ikielemewa, na kwamba nikipunguza mwendo nikiwa gia ya sita nitaiweka katika mizunguko ya chini isiyofaa. Je, nishuke gia ya tano?

Fundi wa Dizeli

Hapana, ndugu yangu. Ni kweli kwamba ufanisi hupanda injini ikipewa kazi ya kutosha, na sababu hiyohiyo ndiyo inayokutaka ubaki gia ya sita: kazi ileile kwa mizunguko michache, na msuguano mdogo. Gari kama lako katika kilomita 110 linazunguka kama mara 2,000 kwa dakika, na hapo ndipo turbo inapostarehe. Ushuke gia pale tu mlima unapoifanya injini itetemeke au mizunguko inapokaribia 1,400.

Msafiri wa Ijumaa

Nimerudi baada ya wiki tisa, na nimefuata agizo la kutobadilisha vitu viwili kwa pamoja. Kwa setilaiti, ile 130 yangu ilikuwa 126. Niliposhika 110 halisi kwa safari nne, keria ikiwa bado juu, nilipata wastani wa lita 5.7. Nikashusha keria, safari nne nyingine, nikapata 5.4, na kelele za upepo ambazo nilikuwa nimezizoea zikapotea. Mke wangu ndiye aliyeligundua hilo kabla yangu. Nikaazima kifaa cha kusomea kompyuta, na joto la maji likasoma nyuzi 74 katika tambarare na 69 katika mteremko mrefu, huku mshale ukiwa umetulia katikati kana kwamba hakuna lolote. Thamostati imebadilishwa. Safari nne za mwisho zimenipa 5.2, ingawa sehemu ya hiyo huenda ni upepo, maana safari mbili kati ya hizo zilikuwa za utulivu mkubwa.

Breki na hozi ziko salama. Kiwango cha oili, hata hivyo, kimevuka alama ya juu kwa karibu milimita 4.

Fundi wa Dizeli

Hiyo ni dizeli iliyoingia wakati filta ilipokuwa ikijaribu kujisafisha injini ikiwa baridi. Mwaga oili yote kabla ya safari ya Ijumaa, badilisha na filta yake, na weka ile yenye majivu machache iliyotajwa katika kitabu cha gari, kwa sababu oili ya kawaida huijaza filta ya masizi kwa majivu ambayo hayaungui. Kisha chomoa kijiti kila baada ya kilomita 1,000, gari likiwa limesimama pa sawasawa. Kiwango kikitulia, thamostati ndiyo iliyokuwa chanzo. Kikipanda tena, tupime nozeli, na urudi hapa na namba zako.