Ghala la programu likubali zana za kudukua au lizikatae?

sevaKimya: Wadau, Fedora, wale wa mfumo wa Linux, mwaka 2010 waliikataa zana ya sqlninja isiingie kwenye ripo yao, yaani ghala lao la programu, eti kazi yake ni moja tu, kuvunja databesi za SQL Server kupitia tovuti yenye tundu. Sawa. Lakini nmap ipo humohumo, unaskani poti, ile milango ya mtandao kwenye kompyuta ya mtu, hana habari. Sasa mstari unapita wapi? Mi nasema wakubali zote, anayeitaka ataipata tu kwingine.

BintiKodi: "Ataipata kwingine" ni hoja ya mvivu. Mi nalinda seva, kila asubuhi logi, zile rekodi za wanaogonga seva, zimejaa vitoto vya kukopi na kupesti, hata havijui vinarusha nini. Ukiviwekea kwenye ripo, amri moja, imeshuka.

rootless: Vitoto nani?? Mi nilianza hivyohivyo, nakopi nisichokielewa, leo nalipwa kutafuta matundu kabla wezi hawajayaona. Nyie mliozaliwa mnajua tuacheni.

BintiKodi: Sijakutaja, umejitaja mwenyewe.

mzee_wa_logi: Haya tulishayapitia. 1998 ilitoka SATAN, ya kuskani mitandao, watu wakapiga yowe kama kiama kimefika na hakuna kilichotokea.

pakiti: 1995 mzee, ya kina Farmer na Venema walioiandika. Na mtu mzima unaipa programu jina la Shetani halafu unashangaa watu wakikimbia?

mzee_wa_logi: 95 haya. Ila ni kifupisho tu bwana, na humo walitia skripti inaitwa repent, yaani tubu, ukiiendesha jina linageuka SANTA.

pakiti: 😂😂 kutubu kungekuwa skripti moja humu tungekuwa watakatifu wote. Ila ndo nachosema, shida jina. Hiyo sqlninja wangeiita "mkaguzi wa databesi" ingepita kimyakimya.

rootless: Jina halina kosa. John the Ripper jina kama la yule muuaji Jack the Ripper, inavunja nywila, na Debian, nao wa Linux, wanayo miaka yote.

tundu_la_sindano: Jamani Ujerumani 2007 waliweka sheria ya kukataza zana hizi, wataalamu wa usalama wakaogopa kufungwa, mpaka 2009 mahakama ya katiba ikafafanua kwamba inayoguswa ni ile iliyotengenezwa kwa nia ya kosa, sio kila inayoweza kutumika vibaya. Si ndo mstari wenyewe huo?

jozi3: hata kisu kinakata nyama na kinaua mtu

BintiKodi: Nilijua tu wa kisu yuko njiani. Kisu hakibishi hodi kwenye mlango wangu mara elfu kwa usiku mmoja ndugu yangu.

sevaKimya: Mada ni ripo jamani, RIPO

pakiti: @rootless hebu tuambie, hiyo amri ya kwanza uliyokopi ilikuwa nini?

rootless: hydra, ile ya kubahatisha nywila. Kwenye seva yangu mwenyewe.

BintiKodi: Yako kweli?

rootless: ya shule