MJADALA: Kilwa Kisiwani ijengewe ukuta, ipandwe mikoko, au watu wahamishwe?

Wadau wa kusini, hili tulijadili bila kuzunguka. Kila inapozungumzwa bahari inayopanda na kukila kisiwa cha Kilwa Kisiwani, pwani ya kusini mwa Tanzania, hakosi mtu wa kusema watu wa kisiwani wahamie Kilwa Masoko, mji wa bara ng'ambo yake, yaishe. Wengine wanataka ukuta wa zege. Mimi napinga yote mawili.

Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda wastani wa sentimita 20, na kati ya 2006 na 2018 kasi ikafika milimita 3.7 kwa mwaka, kwa sababu maji yakipata joto hutanuka na barafu za nchi kavu zinayeyuka. Milimita hizo huzioni kwa macho. Subiri bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu au mwandamo, likutane na upepo mkali: maji yanavuka alama yaliyoizoea, yanachota mchanga mpaka mizizi ya minazi inaning'inia, na kisima kifupi kinaanza kutoa maji ya chumvichumvi. Mama anayechota pale anaijua habari hii kabla ya mtaalamu yeyote. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika Somanga, huko bara kwenye lami. Kisiwani je?

Ukuta wa zege tusidanganyane. Wimbi likiupiga linarudi na mchanga wa mbele yake, ufukwe unashuka, kisha msingi wenyewe unachimbika. Mikoko inavunja nguvu ya wimbi na kushika tope. Matumbawe nayo yanalivunja mbali, kabla halijafika pwani, lakini sisi tumeyalipua kwa baruti na kuyachoma chokaa, na mikoko tumeikata boriti na kuni. Hapo bahari tumeifungulia mlango wenyewe.

Na kuhama? Tuvalu mwaka 2023 ilitia saini mkataba na Australia unaowapa raia wake njia ya kuhamia huko. Maldivi, zaidi ya asilimia 80 ya ardhi iko chini ya mita moja kutoka usawa wa bahari. Wale nawaelewa. Kilwa Kisiwani ina sehemu zilizoinuka. Nyumba za ukingoni zisogezwe juu, humohumo kisiwani, na wenyewe wakubali kwanza. Magofu yake ya mji wa kale na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, yakatolewa 2014. Wenyeji wakiondoka, nani atalala pale kuyaangalia?

Pendekezo langu: gesi ya Songo Songo, kisiwa kingine cha wilaya yetu ya Kilwa, inachimbwa tangu 2004, na halmashauri ya wilaya inapata ushuru wa huduma kutokana nayo. Sehemu yake itengwe kila mwaka kwa mikoko na matangi ya kuvunia maji ya mvua, na vikundi vya kinamama na wavuvi wa kisiwani vilipwe kuitunza hiyo miche hadi ishike. Kupanda siku ya sherehe na kupiga picha hakutoshi, miche mingi hufa.

Anayetaka ukuta aje na gharama zake. Anayetaka watu wahame aseme watapewa ardhi wapi, na mashua zao zitafungwa bandari gani.