Tupeane uzoefu: ndoto ya Marekani ni ya kila mtu, au ya wenye makaratasi?

Kibatari
Wakuu, salaam. Kuna ubishi umenichosha kwenye magrupu ya WhatsApp. Hawa wanasema Marekani ukijituma lazima utoke. Wale wanasema wabeba boksi wote, yaani sisi tunaofanya kazi huku, ni waongo, mnatupigia picha na magari ya mkopo. Naomba waliokaa huko waseme waliyoyaona wenyewe, siyo ya kusimuliwa na shemeji.

Naanza mimi. Nipo Houston, niliingia kwa bahati nasibu ya grini kadi. Mpango ule ulitokana na sheria ya uhamiaji ya 1990, na viza zake hazizidi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Jina kutoka siyo viza, maana wanachagua watu wengi kuliko nafasi zilizopo. Ikifika 30 Septemba, mwaka wao wa serikali unafungwa, na kama hujapewa viza imekula kwako. Namfahamu kijana wa Mbezi aliyeuza kiwanja jina lilipotoka, na foleni haikumfikia.

Mimi nilishuka uwanja wa ndege nikiwa na ruhusa ya kufanya kazi yoyote. Niliyepanga naye chumba alikuwa na nondo mbili, yaani shahada, na akili kunizidi, ila karatasi za uhamiaji hana. Leo nina nyumba, yeye bado anaosha magari. Tuliamka saa ile ile kila siku.

Nyar Kisumu
Mimi niko Minnesota. Nilianza na CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, ile kazi tunaita kuosha wazee. Usiku kucha, kila baada ya saa mbili unamgeuza mgonjwa asipate vidonda, unamwekea mto katikati ya magoti, unaandika kwenye kompyuta, na kabla hujamaliza kengele ya chumba kingine inalia. Nilisoma nikiwa kwenye kazi hiyo hiyo hadi nikapita NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, sasa mimi ni RN, muuguzi kamili, na mshahara ni mwingine kabisa. Kwa hivyo nikisema inawezekana, siongei kwa kusikia.

Lakini niwe mkweli. Mimi na mume wangu tulikuwa tunapishana mlangoni, yeye anaingia mimi natoka, ndiyo watoto wasibaki peke yao. Kwa bei ya kulea watoto huku, ningekuwa peke yangu nisingemaliza chuo hata kama ningekuwa na akili za jini.

Kibatari
Dada, asante. Na wasiopanda kutoka kazi ya chini je? Kima cha chini cha mshahara cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009. Majimbo mengi yamepandisha. Texas hapa bado ni hiyo hiyo, na kodi ya nyumba haijasimama kuisubiri.

Mtoto wa Fizi
Sisi hatukuchagua Marekani, tulichaguliwa. Tulitoka kambi ya Nyarugusu, Kasulu, tukafikia Louisville, Kentucky. Watu wanadhani mkimbizi hubebwa bure. Tiketi yetu ya ndege ilikuwa mkopo. Tulisaini karatasi ya IOM, shirika la uhamiaji, kabla ya kupanda, na baada ya miezi sita madai yakaanza kuja. Riba haikuwepo, lakini familia kubwa ni tiketi nyingi. Shirika la kupokea wakimbizi lilitushika mkono kama siku 90 hivi, watafute nyumba, watoto waanze shule, halafu sisi kazini.

Mimi nilipelekwa kiwanda cha kuku. Baridi ya mle ndani inatia vidole ganzi, unashika kisu husikii kama umekishika. Baba yangu alikuwa mchungaji, kambini watu walisimama akipita. Hapa anasubiri wajukuu watoke shule wamsomee barua ya umeme. Mdogo wangu alikuja akiwa mtoto, leo yuko chuo kwa ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi. Mkiniuliza ndoto ipo au haipo, nyumbani kwetu tunakula meza moja na majibu ni mawili. Kwa baba haipo, na sioni itakapotokea. Mimi niko katikati, nalipa bili za pande zote.

Mzamiaji
Naandika kwa kifupi kwa sababu zangu. Niliingia kwa viza ya matembezi, muda ukaisha nikabaki. Ukizidisha zaidi ya mwaka mmoja halafu ukatoka, sheria inakufungia kurudi miaka 10. Kodi nalipa kwa ITIN, namba ya mlipa kodi asiye na Social Security, ila marejesho wanayopata wenye karatasi mengi siyapati.

Mama alifariki nikiwa huku. Binamu alishika simu makaburini ili nione, ila watu walikuwa wengi na mkono wake unatetemeka, nikawa naona migongo ya makoti na udongo. Fedha za jeneza, turubai na chakula zilitoka kwangu zote. Pale kijijini mimi ndiye aliyefanikiwa.

Kibatari
Pole sana kaka. Mungu amrehemu mama.

Mke wa Chicago
Mnaongelea sisi tuliokuja juzi. Mimi nimeolewa kwa Wamarekani weusi, naomba niwaletee ya babu wa mume wangu. Alipigana Vita vya Pili vya Dunia. Sheria ya 1944 ya kuwasaidia maaskari iliwapa wenzake wazungu mikopo ya nyumba ambayo serikali inaidhamini. Yeye aligonga benki, wakamkatalia, kwa kuwa mitaa ya weusi ilishapakwa rangi nyekundu kwenye ramani za miaka ya 1930, yaani hapa usikopeshe. Akanunua kwa mkataba, North Lawndale. Unalipa kila mwezi kwa bei ya kuruka, na hati inabaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho. Kazi ikasimama kiwandani, akachelewa kulipa, akatolewa na watoto. Yote aliyolipa yakapotea, na muuzaji akaingiza familia nyingine. Sheria ya kukataza ubaguzi wa makazi ilikuja 1968, baba mkwe tayari ni mtu mzima asiyerithi hata tofali.

Nyumba ndiyo iliyosomesha watoto wa wazungu wa kizazi kile. Walikopea nyumba, wakarithishana nyumba. Ndiyo maana kwenye sherehe zetu nikisikia Mbongo mwenye miaka miwili hapa anasema "weusi wa hapa wavivu", huwa naacha sahani ya pilau naondoka.

Daktari wa Namba
Shikamooni. Kwa wanaopenda takwimu: mchumi Raj Chetty na wenzake walilinganisha watoto na wazazi wao. Waliozaliwa 1940, karibu asilimia 90 walikuja kupata kipato kikubwa kuliko wazazi wao. Waliozaliwa 1980, kama nusu tu. Na mji una uzito wake. Katika kazi yao ya 2014, mtoto wa familia iliyo katika moja ya tano ya chini kabisa kwa kipato alikuwa na nafasi ya asilimia 4.4 kufika moja ya tano ya juu akikulia Charlotte, na 12.9 akikulia San Jose. Taifa ni moja, pasipoti ni moja.

Bwana Trela
Huo mji wa San Jose kodi yake mnaijua lakini? Haya, yangu mimi. Nina CDL, leseni ya malori makubwa, niliendesha lori la watu nikaona posho anakula mwenye gari. 2021 mizigo ilikuwa inalipa vibaya sana, yaani vizuri sana, nikakopa nikanunua langu. 2022 bei za mizigo zikaporomoka, na dizeli ikapita dola 5 kwa galoni. Lori likachukuliwa na mkopeshaji. Aliyenunua mwaka mmoja kabla yangu ana malori na madereva, ananipa ushauri wa kujituma.

Kijiwe Nongwa
Kwenye NBA, ligi ya kikapu, timu zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2009, Hasheem Thabeet alichaguliwa wa 2, na Memphis Grizzlies. Stephen Curry, yule nyota, wa 7. Mbongo ametoka Dar hadi NBA bado mnabisha?

Bwana Trela
Mkuu, wewe una urefu gani?

Dada Tausi
Jamani mnisaidie, mambo ya urefu baadaye. Mdogo wangu yuko Mwanza, ana stashahada ya uuguzi, na jina limetoka kwenye bahati nasibu ya grini kadi. Baba anataka kuuza shamba la Magu. Auze?

Nyar Kisumu
Dada, kabla mzee hajagusa shamba, angalieni namba yake ya foleni. Kama ni kubwa sana, subirini ianze kukaribia. Na vyeti vyake: wanaokagua elimu ya wauguzi huku wanataka chuo kitume rekodi za masomo chenyewe, hawapokei za mkononi kwake. Amwone msajili wa chuo uso kwa uso angali yuko Mwanza, aache anuani. Mimi nilifuatilia zangu kwa simu kutoka huku, karani ananiambia faili liko kwa mwenzake aliye likizo.