Blood Simple au Shallow Grave: ipi inatufaa wanaoandika kuhusu muuaji anayeficha maiti?

KameraMoja: Wadau, habari za jioni. Tuko vijana watano, tunaandika filamu fupi ya mtu aliyeua akazika kwa siri. Kamera moja, nyumba moja. Jumamosi tunataka kuangalia filamu moja tu, kwa makini. Nimebaki na mbili, zote za mwanzo kabisa za waongozaji wake na zote za pesa ndogo: Blood Simple (1984) ya ndugu Joel na Ethan Coen, ya Texas, kama dola milioni 1.5, na Shallow Grave (1994) ya Danny Boyle, ya Edinburgh, kama pauni milioni 1. Mimi naegemea kwa Boyle, maana mengi yanatokea ndani ya fleti. Mnashaurije? Asiyeziona asiendelee kusoma, tutasimulia yote.

BintiPangani: Blood Simple, mkuu. Ray anaingia ofisini kwa Marty, mume wa Abby, mwanamke ambaye Ray anampenda. Anamkuta kitini ana damu, na bastola ya Abby iko pale. Anaamini Abby ndiye kaua, wala hamuulizi. Anavua koti lake la nailoni, anapiga magoti, anafuta sakafu. Nailoni hainyonyi, damu inazidi kutapakaa. Kesho yake kiti cha nyuma cha gari bado kinavuja, kinapenyeza kwenye kitambaa alichofunikia. Hajatamka neno "najuta" hata mara moja, lakini mimi mtazamaji nilikuwa nimekaza meno.

Mzee wa Kanda: Mimi kura yangu Shallow Grave. Mpangaji mpya anafia chumbani kwa dawa za kulevya, kaacha sanduku la pesa. Wenzake watatu wanaamua kuficha maiti. Wanapiga kura nani aikatekate, inamwangukia David, mhasibu mpole. Baadaye anahamia darini na sanduku lake, anatoboa matundu kwa drili awachungulie wenzake. Ile miale kwenye giza la dari inatosha kukuonyesha kichwa cha David kilivyo.

Juma_K: Ongezeni Blue Ruin (2013) ya Jeremy Saulnier. Sehemu ya bajeti ilichangishwa mtandaoni, kwenye tovuti ya Kickstarter.

BintiPangani: Juma, ni nzuri sana ila ya kisasi, mwenzetu anatafuta ya kuficha. Mzee wangu, shikamoo. David hasutwi na nafsi, anaogopa kuibiwa. Na ile maiti ya kwanza hakuna aliyeiua. Ray naye alikuwa hajaua mtu, ila akiwa njiani kwenda kuzika anagundua Marty bado anapumua, na anamfukia hivyo hivyo, hai. Kuficha ndiko kulikomfanya muuaji. Hadithi ya KameraMoja iko hapo.

Mzee wa Kanda: Marahaba mwanangu. Kwa hilo la kuzika, nakubali. Ila dari ya David msiiache, mwangalie hata dakika kumi zake.

KameraMoja: Nimegeuka, Jumamosi ni Blood Simple. Mhusika wetu alikuwa anakiri kwa mamake kwa hotuba ndefu. Usiku huu nafuta hotuba yote, nampa ndoo na tambara. Dada, damu ya kuigizia isiyokauka haraka mnatengeneza na nini?

BintiPangani: Chemsha sukari na maji mpaka iwe nzito, tia rangi nyekundu ya keki, kisha kakao kidogo sana ili iwe na weusi. Jaribuni kwanza kwenye sakafu yenyewe, maana rangi ile kwenye saruji haitoki.