Nalea watoto nyumbani na nimebakisha miezi mitatu nijifungue, nipangeje?

MamaWawili_Umoja
Hamjambo wamama. Nalea watoto saba hapa kwangu Umoja, wazazi wanawaacha alfajiri wakienda kazi wanawachukua jioni, 150 kwa siku kila mtoto. Walioajiriwa sheria ya kazi ya 2007 inawapa miezi mitatu na mshahara kamili, mimi siku bila watoto ni siku bila pesa. Nifunge kabisa ama nitafute wa kunishikia? Na wazazi niwaambie lini, naogopa wakijua sasa wataanza kuhama mmoja mmoja.

MamaK
Dada waambie wiki hii, tumbo wameshaliona wanangoja tu wewe useme. Mzazi akijua mapema anapanga na mamake ama shangazi, akijulia dakika ya mwisho ndio anahama na harudi. Mimi niliwapa tarehe ya kufunga na ya kufungua, nikawapeleka kwa jirani analea pia, tukaelewana nikirudi ataniachia watoto wangu na yeye akijifungua nampokelea wake. Wengi walirudi.

Nyanya_Kayole
Kufunga miezi mitatu ni ngumu kama kodi inatoka hapo hapo. Tafuta msichana sasa aanze kuja siku mbili tatu kwa wiki, watoto wamzoee, ajue nani analala saa ngapi na nani maziwa yanamharisha. Lakini mwanangu, usikubali watoto wa watu wakae chumba kimoja na kichanga, wanakuja na vikohozi kila siku na sindano ya kwanza ya kukinga kifaduro anadungwa akiwa na wiki sita. Kama huna chumba kingine funga hizo wiki sita, hapo sibishani na mtu.

Achi_254
Na SHA jamani, ile bima ya afya ya serikali, sisi wa jua kali tunalipia mwaka mzima mara moja na ya chini kabisa ni 300 kwa mwezi, kwa hivyo tafuta hiyo pesa mapema usingoje uchungu. Pia toa ishirini kwa kila mtoto kila siku uweke laini tofauti, watoto saba siku sita ni 840 kwa wiki, ukifika kujifungua unapita elfu kumi.

MamaWawili_Umoja
Asanteni sana, nyanya Mungu akubariki. Nina chumba na sebule tu, basi nafunga wiki sita halafu msichana aanze sebuleni mimi nikiwa ndani. Wazazi nawaambia leo jioni. MamaK, wale walikuwa wameshalipa mwezi mzima uliwarudishia pesa ama ulimpa jirani?